Homa Isiyo Malaria Nayo Ina Jina

Katika wilaya za Korogwe na Handeni, tangu vijiji vya milimani kama Mpale hata nyika ziteremkazo kuelekea Mkata, homa ya mtoto imekuwa kwa miaka mingi na jina moja tu, nalo ni malaria. Jina hilo halikutolewa bure, kwa kuwa malaria ndiyo iliyochimba makaburi mengi madogo kando ya vijiji vyetu, ikawatia wazazi hofu kila masika yaliposhika na kila maji yaliposimama mabondeni. Lakini hali ya leo si ya jana. Katika vijiji vya Korogwe vilivyofuatwa na watafiti tangu 2003 hata 2008, watu waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu walipungua kutoka asilimia 78.4 hata 13.0 katika sehemu za tambarare, na kutoka asilimia 24.7 hata 3.1 katika sehemu za milimani. Hiyo ni neema kubwa, na kila aliyetia mkono wake katika kazi hiyo, tangu mgawaji wa vyandarua hata mpima damu, anastahili shukrani. Homa, hata hivyo, hazikwisha. Watoto bado wanachemka miili usiku, na mama zao bado wanakwenda mwendo wa saa nzima na zaidi kutafuta dawa. Basi swali ambalo umma una wajibu wa kuliuliza, na ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha, ni hili: homa hizo zisizo malaria ni nini, nazo huwaacha watoto wetu katika hali gani zinapoondoka?

Rai yangu ni kwamba baadhi ya homa hizo huletwa na virusi vichukuliwavyo na mbu. Kwamba virusi hivyo vina uwezo uliothibitika wa kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Na kwamba tunafanya taksiri kubwa, ya kiserikali na ya kijamii, tunaporidhika na jibu la kuwa mtoto hana malaria, kana kwamba kulijua lisilomsumbua mgonjwa ni sawasawa na kulijua limsumbualo.

Tazama mambo yanavyokwenda katika zahanati. Mama huketi juu ya benchi na mtoto mapajani, na zamu yake ikifika muuguzi humchoma mtoto kidole, akatia tone la damu na matone ya dawa katika kipimo cha haraka, kisha wote wawili wakakitazama kile kidirisha chembamba kwa muda wa robo saa. Mistari miwili ikitokea, dawa mseto hutolewa, na njia ya matibabu yajulikana. Ukitokea mstari mmoja tu, mama huambiwa kwamba mtoto hana malaria, hupewa parasetamoli na aghalabu dawa ya kuua bakteria juu yake, na katika daftari la MTUHA, yaani la taarifa za huduma za afya, huandikwa neno la jumla lisilomfunza kitu atakayelisoma mwishoni mwa mwezi. Muuguzi hana lawama, maana hakupewa kipimo kingine. Lakini mtoto yule akirudishwa siku ya tatu macho yamempinduka na viungo vinamtetemeka, au akipona homa kisha baada ya miezi akaanza kuanguka kifafa, hakuna maandishi yoyote yawezayo kuiunganisha homa ya kwanza na balaa ya pili. Mambo mawili ambayo pengine ni moja hukaa katika kurasa mbili, na mara nyingi balaa ya pili haina hata ukurasa.

Wala haya si dhana tupu. Katika hospitali mbili za Moshi, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008. Matabibu walikuwa wamewahesabu 528 miongoni mwao kuwa ni wagonjwa wa malaria. Damu zilipopimwa kwa uangalifu, waliokuwa nayo kwa yakini walikuwa 14 tu. Chikungunya, maradhi ya virusi yasiyokuwamo katika fikira za wengi, ilionekana kwa wagonjwa karibu 8 katika kila 100 waliopimwa maradhi hayo. Na huku kwetu, zahanati ya Bondo wilayani Handeni ilikuwa mojawapo ya vituo vya kaskazini-mashariki ambamo wagonjwa wenye dalili kama za malaria walipimwa, na matokeo yaliyotangazwa 2016 yakaonyesha alama za chikungunya na za homa ya dengi katika damu zao. Miaka mitatu baadaye, 2019, homa ya dengi ilipoenea Dar es Salaam na kuwapata maelfu ya watu, Tanga nayo ilikuwa katika mikoa iliyoguswa. Aliyekuwa akidhani kwamba maradhi haya ni ya miji ya mbali amekwisha kujibiwa.

Yafaa pia tukumbuke kwamba vingi vya virusi hivi, ambavyo leo ulimwengu mzima unavihofu, vilijulikana kwanza katika ardhi ya Afrika Mashariki. Virusi vya West Nile vilipatikana 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya jina hilo, kaskazini ya Uganda. Zika ilipatikana 1947 katika damu ya kima aliyewekwa na watafiti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na maradhi yaliyoenea katika nyanda za juu za Newala, kusini ya Tanganyika, 1952 na 1953. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na kabla ya hayo yote, katika karne ya kumi na tisa, tabibu James Christie aliandika habari za kidingapopo, homa ya namna ya dengi, iliyowalaza watu wa Unguja. Ni jambo la kusikitisha kwamba nchi zilizokuwa za kwanza kuvijua virusi hivi ndizo zilizo za mwisho kuhesabu madhara yake.

Madhara hayo, mintarafu ya ubongo na mishipa ya fahamu, huja kwa njia kubwa tatu. Njia ya kwanza ni virusi vyenyewe kupenya kutoka katika damu hata ndani ya ubongo na kuuvimbisha, kama vifanyavyo virusi vya West Nile, ambavyo watu wengi huvipata bila ya kuhisi lolote, lakini kwa kiasi cha mtu mmoja katika kila 150 huleta homa ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au kupooza. Na ndivyo vilivyowashtua watu wa New York 1999 walipoona wazee wao wakipoteza fahamu kwa maradhi wasiyoyajua. Homa ya Bonde la Ufa nayo, iliyotuua sisi na mifugo yetu 2006 na 2007, humwachia mgonjwa mmoja mmoja uvimbe wa ubongo, na wengine huwapofusha macho. Hata dengi, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ni maradhi ya damu na maumivu ya mifupa tu, tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limeweka kupungua kwa fahamu miongoni mwa alama za dengi iliyo kali.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, kwa kuwa adhuruye si mdudu bali ni askari wa mwili. Mwili unapokwisha kupigana na virusi, pengine silaha zake hugeuka na kuishambulia mishipa ya fahamu ya mwenyewe, mgonjwa akaanza kuhisi ganzi miguuni, kisha udhaifu ukampanda mwilini hata akashindwa kusimama, na pengine hata kuvuta pumzi. Maradhi hayo, yajulikanayo kwa majina ya matabibu wa Kifaransa Guillain na Barré, yaliongezeka ghafula katika visiwa vya Polynesia ya Kifaransa wakati Zika ilipoenea huko 2013 na 2014, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuamini kwamba Zika si homa nyepesi kama ilivyodhaniwa kwa miaka zaidi ya 60.

Njia ya tatu ndiyo iumizayo moyo kupita zote, nayo ni ile impatayo mtoto kabla hajauona ulimwengu. Zika ilipofika Brazili, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, kwa sababu virusi vilikuwa vimeziingia chembe changa za ubongo na kuzizuia zisikue. Mambo yakafika hadi Shirika la Afya Duniani, tarehe 1 Februari 2016, likatangaza hali ya hatari kwa afya ya ulimwengu. Chikungunya nayo humwambukiza mtoto saa ya kuzaliwa, ikiwa mama ana homa siku hizo. Habari hii inatuhusu kwa ukaribu, maana ilianzia pwani yetu: 2004 chikungunya iliingia Lamu, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba robo tatu ya watu wa mji ule walikuwa wameambukizwa, kutoka hapo ikashuka Mombasa, ikavuka kwenda Komoro, na 2005 na 2006 ikakiangukia kisiwa cha Réunion, ambako thuluthi nzima ya watu waliugua. Matabibu wa Réunion waliwafuata watoto wachanga waliopata virusi kutoka kwa mama zao, na walipofika umri wa miaka miwili, karibu nusu yao walikuwa nyuma ya wenzao katika kusema, kutembea na kuelewa. Lamu, ulikotokea ugonjwa uleule, sijasikia aliyewafuata watoto namna hiyo. Siku hizi watafiti wa Kilifi wameanza kuipima damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto wa pwani ya Kenya wanaolazwa kwa maradhi ya ubongo, na chikungunya wameikuta humo.

Nikifika hapa nalazimika kusema neno juu ya degedege. Kwa vizazi vingi wazazi wa Uzigua, Usambaa na Bondei, kama wenzao wa pwani nzima, wamemwona mtoto akikakamaa na kupindua macho wakadhani kwamba amepitiwa na kitu kisichoonekana, wakamkimbiza kwa mganga kabla ya hospitali. Simdharau mzazi huyo hata kidogo. Alifanya alivyofunzwa, na aliona kwa macho yake mambo ambayo hakuna aliyemweleza sababu zake. Lakini ni kweli pia kwamba itikadi hiyo huishi kwa kunyweshwa na ukimya wetu sisi tuliosoma. Hospitali ikimwambia mzazi kwamba mtoto wake hana malaria, isimwambie ana nini, basi mganga pekee ndiye aliyebaki na jibu, na mzazi atalifuata jibu hata kama ni la uongo, kwa kuwa binadamu hawezi kukaa na msiba usio na sababu. Mtoto aliyebaki na kifafa baada ya homa hufichwa ndani, hukatazwa shule, hutengwa na wenzake katika sahani na mtungi. Ilhali maradhi yake hayaambukizi, na dawa za kuyatuliza zipo. Kumpa mzazi jina la kweli la maradhi ni sehemu ya tiba, tena ni sehemu ya heshima.

Kusema kweli, hata hivyo, kunahitaji nchi inayostahimili kuisikia. Desemba 2016 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitoa habari za uchunguzi ulioonyesha alama za Zika katika damu za baadhi ya watu waliopimwa hapa Tanzania. Serikali ikasema kwamba nchi haina mlipuko wa Zika, na juma lile halikwisha kabla mkurugenzi mkuu wa taasisi hiyo, Dkt. Mwele Malecela, hajaondolewa katika kazi yake. Ukitazama kwa insafu, kauli zote mbili ziliweza kuwa za kweli kwa pamoja, kwa sababu kingamwili, yaani alama ambazo mapambano na maradhi huziacha katika damu, ni kama majivu jikoni: husema kwamba moto ulikuwapo, hazisemi kama unawaka leo, na tena kingamwili za Zika na za dengi hufanana hata vipimo vikazichanganya. Mambo hayo yalihitaji wataalamu kuketi, kupima upya na kuwaeleza wananchi kwa utulivu. Dkt. Malecela alikwenda baadaye Geneva, akaiongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, akafariki Februari 2022. Somo ambalo watafiti vijana walilipata katika tukio lile, kwamba habari ya maradhi yaweza kumgharimu mtu cheo, ni somo ambalo wakubwa wa nchi wana dhima ya kulifuta kwa vitendo.

Kitendo cha kwanza nikipendekezacho hakihitaji jengo jipya. Nchi yetu inao tayari utaratibu wa kulinda watoto na polio, ambamo kila mtoto aliye chini ya miaka 15 akipooza ghafula kwa kulegea viungo, sharti atolewe taarifa, na choo chake kichukuliwe mara mbili ndani ya siku 14, kipelekwe maabara. Utaratibu huo unafika hata zahanati za milimani, na wahudumu wanaujua. Maabara ikisema kwamba si polio, watu hushukuru na faili hufungwa. Na hapo ndipo tunapopoteza elimu ya bure, kwa kuwa mtoto amepooza kweli, na jambo fulani limempooza. Ingetosha kuongeza kijichupa cha damu katika safari ileile, na kwa mtoto aliyelazwa kwa kupoteza fahamu, sehemu ndogo ya maji ya uti wa mgongo ambayo tabibu huyachukua kwa sababu nyingine, vipimwe virusi vya mbu. Katika mkoa wa Tanga hatuna haki ya kusema kwamba wataalamu hawapo: Korogwe kuna kituo cha utafiti kilichoshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S tangu 2009, na Muheza kuna kituo cha Amani ambacho elimu yake ya mbu ni ya miongo mingi.

Kitendo cha pili ni cha daftari. Mtoto aliyepata degedege, kupoteza fahamu au kupooza pamoja na homa aandikwe peke yake, kisha aitwe baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, atazamwe anavyotembea, anavyosema na kama ameanguka. Mhudumu wa afya wa kijiji anaijua nyumba ya kila mtoto wa namna hiyo, na kazi ya kumfuata yaweza kufanywa kwa miguu na kalamu.

Kitendo cha tatu ni chetu sote. Mbu wa dengi, chikungunya na Zika si yule wa malaria. Ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na kwa hiyo chandarua cha usiku, kilicho faradhi kwa malaria, hakitoshi kwake. Huzaa katika maji masafi yaliyohifadhiwa: pipa, mtungi, ndoo, tairi kuukuu, kifuu cha nazi. Mayai yake huyagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Basi kumwaga maji tu hakufai, sharti kuta za pipa zisuguliwe kwa nguvu kila juma, na kifuniko kiwekwe. Milimani, ambako migomba imezunguka kila nyumba, yuko jamaa yake azaaye katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi, na huyo aliwahi kushikwa Uganda akiwa na virusi vya homa ya manjano. Na Handeni, ambako maji yamekuwa adha tangu zamani na mradi wa bomba kuu la Handeni, HTM, uchukuao maji ya mto Pangani haujawahi kuikata kiu ya wote, watu hulazimika kuweka maji ya siku nyingi ndani ya nyumba. Chikungunya ya Lamu ya 2004 ilikuja wakati wa ukame, na watafiti wakaihusisha na vyombo vya maji vilivyojaa majumbani. Kwa hiyo bomba la maji litokalo kila siku ni kinga ya ubongo wa mtoto, na anayechelewesha bomba hilo achelewesha kinga.

Nahadharisha jambo moja ili maneno yangu yasije yakaleta madhara. Malaria haijaondoka. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ileile, na mwenye degedege akimbizwe hospitali bila ya kupitia pengine popote, maana malaria ya ubongo huua kwa saa chache na dawa yake ipo. Wala asipewe aspirini au diklofenaki kwa homa isiyojulikana, kwa kuwa, ikiwa ni dengi, dawa hizo zaweza kumletea kutokwa na damu.

Waziri wa Afya, mganga mkuu wa mkoa wa Tanga na halmashauri za Korogwe na Handeni wana uwezo wa kuamuru mambo haya matatu kwa barua moja, na wabunge wetu wana uwezo wa kuyadai katika bajeti ijayo. Nanyi wazazi wa Mpale na wa vijiji vyote vya wilaya hizi, mkiambiwa kwamba mtoto hana malaria, msiinuke katika benchi kabla hamjauliza swali la pili: basi ana nini, na nimrudishe lini? Ulizeni kwa adabu, ulizeni kila mara, wala msione haya, kwa kuwa serikali huhesabu maradhi ambayo wananchi wameyaulizia, na yasiyoulizwa hayahesabiwi.